Mionzi Iliisha, Bega Likaanza

Mtoto wa darasa la nne ndiye aliyelitambua bega langu. Ilikuwa Mei 2022, kipindi cha hisabati, naandika mifano ya kugawanya. Akanyoosha kidole: "Madam, mbona siku hizi unaandika huku chini? Sisi wa nyuma hatuoni." Nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama ubao. Kweli. Nusu yote ya juu tupu, maandishi yangu yamejikusanya chini kama maji dimbwini. Nikawahamisha viti, wafupi mbele, warefu nyuma, nikaendelea na somo. Sababu ya ubao kushuka nilikuwa naijua. Sikutaka tu mtu mwingine aijue.

Nafundisha shule ya msingi wilayani Muheza, Tanga. Mwanzoni mwa 2021 niligundulika na saratani ya titi la kulia, na mkono wa kulia ndio wa chaki, wa mwiko, wa kila kitu. Nilianza na kemo, yaani dawa za kuua saratani, dripu sita, moja kila wiki tatu. Julai nikafanyiwa upasuaji, titi likaondolewa lote pamoja na tezi za kwapani, zile ambazo zikivimba watu husema mtu ana mitoki. Walitoa tezi 14, tatu zikakutwa na ugonjwa. Kwa ajili ya hizo tatu nikaambiwa mionzi ni lazima, kifuani na sehemu ya juu ya mtulinga.

Siku ya kuruhusiwa nesi alinikalisha akaniambia mkono huu usipimwe presha, usichomwe sindano, usibebe mizigo mizito, na nijihadhari nisijikate wala kuungua. Ushauri mzuri, naufuata mpaka leo. Shida ni jinsi tulivyouelewa nyumbani. Mkono uligeuka yai. Nikigusa ndoo, mama anaipokonya. Nikitaka kufagia, binti yangu ameshafika na ufagio. Majirani walikuja kunifulia zamu kwa zamu, Mungu awalipe, na mimi nikaukunja mkono tumboni nikaukalia kama kuku anavyokalia mayai. Nilidhani kuutunza mkono ni kuupumzisha. Hospitali walikuwa wamenipa pia karatasi yenye michoro ya mazoezi. Niliiweka kwenye faili pamoja na risiti, nikaja kuiona tena mwaka mmoja na miezi minne baadaye.

Septemba nikaenda Dar es Salaam kwa mionzi, nikafikia kwa wifi yangu Mbagala. Siku ya kwanza hupigwi mionzi, unachukuliwa vipimo. Unalazwa chali kwenye meza ngumu, mkono unainuliwa juu ya kichwa na kulazwa kwenye kishikio, kisha unatulia hivyo hivyo wakati wanachora alama kifuani. Mkono wangu uliishia usawa wa bega. Kijana wa mashine akajaribu kuusogeza taratibu, nikapiga ukelele. Akanieleza kwamba mkono usipokaa juu utakuwa katika njia ya mionzi, na mkao ule ule ndio nitakaolalia kila siku mpaka mwisho. Akaniambia nikafanye mazoezi, nirudi baada ya siku kumi.

Kwapani kulikuwa na kitu kingine kilichonitisha. Nikinyoosha mkono, chini ya ngozi kunatokea kitu kama uzi wa gitaa, kinashuka kwa ndani mpaka karibu na kiwiko. Baadaye nilielezwa kwamba ni jambo linalowapata wengi waliotolewa tezi, hutokea wiki chache baada ya upasuaji na mara nyingi huisha kwa kunyooshwa pole pole. Wakati ule nilijua ni mshipa wa fahamu unaotaka kukatika.

Kwa siku kumi ukuta wa sebule ya wifi ukawa shamba langu. Nasimama nimeuelekea, vidole vinapanda kama kaa, vikikwama napumua, navisogeza kidogo tena. Siku ya sita nikasikia "tap!" ndogo kwapani. Wifi akatoka jikoni mbio akidhani mshono umefumuka. Ule uzi ulikuwa umeachia wenyewe, na mkono ukapanda karibu shubiri nzima. Usijaribu kuukata kwa nguvu kwa sababu umesoma hapa kwamba wangu ulikatika. Mimi sikuulazimisha.

Nikarudi, mkono ukakaa juu, nikapigwa mionzi mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu. Yenyewe hainiumizi, dakika chache tu na mlio wa mashine. Kinachochosha ni kwenda na kurudi, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kuoga kwa kuiepa ile michoro ya kalamu isifutike. Wiki ya tatu ngozi iliiva ikawa nyeusi tii, kwapani ikachubuka, na iliendelea kuchubuka hata nilipokwisha kurudi nyumbani. Hilo nililitegemea kwa sababu waliniambia.

Siku niliyomaliza, nikaachana na ukuta.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Nilichukulia yale mazoezi kuwa ni ya mashine. Mashine ilitaka mkono ukae juu, nikaupa ilichotaka, tukaagana. Hakuna wakati wowote niliofikiri kwamba mazoezi ni yangu, wala kwamba mionzi ikishazimwa kazi yake mwilini haijaisha. Ngozi hupona kwa wiki chache. Nyama za chini, msuli wa kifua na tishu za kwapani, huendelea kukakamaa kwa miezi, na kwa wengine miaka.

Mpaka Januari 2022 nilikuwa mzima, nimerudi kazini, nameza vidonge vyangu vya tamoksifeni, vya kuzuia saratani isirudi. Kisha vitu vikaanza kuondoka kimoja kimoja, taratibu mno hata sikuviona vikienda. Kwanza kufunga sidiria kwa nyuma, nikaanza kuifunga mbele na kuizungusha. Halafu kuanua nguo, nikawa nateremsha kamba. Halafu pini ya ushungi, binti akawa ananibania kabla ya kwenda shule. Katika swala, nikinuia na kuinua mikono, wa kushoto unafika begani na wa kulia umesimama kwenye mbavu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikisafiri, nikikosa kiti kwenye daladala siwezi kushika bomba la juu, kwa hiyo nakumbatia nguzo na kumwomba Mungu dereva asifunge breki. Na ubao ukashuka.

Usiku bega lilikuwa linauma kama jino. Mwenzangu uliyepita huku utanielewa. Mtu aliyewahi kuwa na saratani haumwi bega tu, kila kinachouma ni ile imerudi. Nililala macho nikiwa na hakika kwamba imeingia kwenye mifupa. Na kwa kuwa nilikuwa na hakika, sikutaka kuambiwa. Nilienda kliniki yangu ya miezi mitatu, daktari akaniuliza kama kuna tatizo lolote, nikajibu, "Hapana daktari, sijambo kabisa." Niliupitia mlango ule nikiwa nimeficha bega ndani ya baibui.

Nikajitibu. Duka la dawa karibu na stendi waliniuzia diklofenaki, dawa ya maumivu, bila maswali, nikaimeza karibu kila siku kwa miezi mitatu, mara nyingi kabla ya kula. Bega halikulegea na tumbo likaanza kuwaka moto. Leo ninatembea na dawa ya vidonda vya tumbo, zawadi niliyojinunulia mwenyewe.

Likizo ya Juni shangazi yangu akaja na bibi mmoja anayechua. Sina neno baya juu ya bibi yule, amewanyoosha watu wengi kijijini walioteguka. Akapasha mafuta ya nazi, akanichua kuanzia kwapani hadi vidoleni, kwa nguvu, nusu saa nzima. Upande ule ngozi yangu imekufa ganzi sehemu kubwa, kwa hiyo sikujua mafuta yalikuwa ya moto kiasi gani mpaka nilipoona malengelenge. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, pete haitoki, mgongo wa kiganja umetuna kama andazi. Bibi akashauri nichanjwe chale ili maji mabaya yatoke. Hapo nilisimama. Maneno ya nesi yalinirudia, usijikate. Mkono usio na tezi kwapani hauna ulinzi kama mwingine, wembe mdogo tu unaweza kuleta maambukizi ya kukulaza wodini. Shangazi alinuna, na mpaka leo naamini kwamba katika mwaka ule wote hilo ndilo jambo moja la akili nililofanya.

Uvimbe haukufichika tena. Mume wangu, ambaye si msemaji, aliutazama mkono, akautazama uso wangu, akasema, "Mama watoto, kesho tunakwenda." Kituo cha kwanza tulichokwenda niliambiwa ni kawaida baada ya matibabu yale, nitazoea, nikaandikiwa diklofenaki nyingine. Nikarudi nyumbani karibu nifurahi kwamba nimeambiwa ni kawaida. Wiki mbili baadaye nikashindwa kuinua chaki kabisa.

Daktari wa pili, Oktoba, alichukua muda. Aliuliza kama maumivu yananiamsha usiku hata nikiwa nimelala vizuri, kama nimepungua uzito, kama nakohoa, kama kuna kivimbe kwenye kovu au juu ya mtulinga. Aliuliza kama vidole vinakufa ganzi au kama navidondosha vitu, kwa sababu mara chache mionzi huweza kuigusa mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Akaagiza picha ya eksirei na altrasaundi ya bega. Akapima na sukari, maana wenye kisukari mabega yao huganda kwa urahisi zaidi. Picha zikatoka safi. Nililia palepale kwenye benchi la koridoni, na wagonjwa wengine wakanipa pole wakidhani nimepata habari mbaya.

Miezi yote ile niliyokaa na hofu, jibu lilikuwa umbali wa picha moja. Na hata jibu lingekuwa lile baya, kulificha ndani ya baibui kusingelipunguza.

Akanielekeza kwa fizio mmoja Tanga mjini, mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi, kijana mdogo, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. "Shikamoo mwalimu," akaanza, na bega hakuligusa. Alinisimamisha mbele ya kioo. Nilikuwa sijajitazama hivyo tangu upasuaji. Bega la kulia lilikuwa limevutwa mbele na chini, kama mtu aliyebana kitu kwapani asiibiwe. Akabonyeza kifuani, pembeni ya kovu, pakawa pagumu kama ubao. "Mwalimu, unalalamikia bega, lakini aliyelifunga yuko huku mbele."

Kisha akatoa kifaa cha kupimia, rula mbili zilizoungwa katikati na duara lenye nyuzi. Nikacheka. Kipimapembe! Miaka 16 nafundisha pembe na sikujua nitakuja kuwa mojawapo. Mkono kwa mbele ulipanda nyuzi 80. Pembe kali. Kwa pembeni ulikuwa mbaya zaidi, 65.

Nikamuuliza kwa nini umekuja kuharibika wakati nilishapona. Akauliza kama nimewahi kumnyang'anya mtoto manati. Nina droo nzima. "Ule mpira wa manati ukiuacha juani msimu mzima unakuwaje?" Unakuwa mgumu, unapasuka ukiuvuta ghafla. "Ndivyo msuli wako ulivyo. Hautarudi kuwa mpira mpya. Ila ukivutwa kidogo kidogo kila siku unarefuka, na ukiuacha unajikunja tena." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, na nimehudhuria semina nyingi.

Kanuni zake zilikuwa chache. Mvuto unaruhusiwa, kisu hakiruhusiwi: ukisikia kuvutika, baki hapo uhesabu mpaka 30, ukisikia kuchomwa, rudi. Maumivu yakiendelea mpaka kesho yake, jana ulizidisha. Afadhali dakika kumi mara tatu kwa siku kuliko saa zima Jumamosi. Ngozi iliyopigwa mionzi usiikande kwa maji ya moto wala chupa ya moto, haitakuambia ikiungua. Maji ya uvuguvugu ya kuoga yanatosha kulegeza kabla ya kuanza.

Vifaa nilikuwa navyo nyumbani. Nalala chali mkekani, nashika mpini wa fagio kwa mikono miwili, wa kushoto unausindikiza wa kulia kwenda juu ya kichwa. Nakaa kibarazani na kanga iliyopitishwa juu ya boriti, mkono mzima unavuta, mgonjwa unapanda. Nalala na viganja nyuma ya shingo, viwiko navifungua vianguke pembeni, na hili la mwisho ndilo linalofungua kifua, ndilo nililolichukia kuliko yote. Kovu nililisugua taratibu kwa kidole na mafuta kidogo, yasiyopashwa. Na ukuta. Safari hii nikachukua chaki. Kila Ijumaa jioni vidole vinapanda, vikifika mwisho binti yangu anachora mstari na kuandika tarehe.

Mwezi wa kwanza nilidhani nadanganywa. Mistari minne ilikaribiana kama kurasa za daftari. Wiki ya sita nikapimwa: nyuzi 95. Fizio akasema hongera kwa sauti ya kawaida, mimi nikamwambia hajui alichosema, nimeshavuka pembe mraba, sasa mimi ni pembe butu.

Kwa uvimbe alinifundisha kujipapasa kwa wepesi kuelekea juu, kama unavyompangusa mtoto aliyelala, kinyume kabisa na kule kuchuliwa. Tulipima mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, wa kulia ulizidi sentimita tatu karibu na kiwiko. Nikaagiza soksi ya mkono ya kubana, shilingi 85,000. Kuvaa kitu kile joto la Februari Muheza ni adhabu, na nilidanganya mara nyingi kwamba nimeivaa. Futi haidanganyiki.

Nitaje fedha, maana watu huwa hawazitaji. Kadi yangu ya bima ilibeba upasuaji na mionzi, lakini fizio yule hakuwa anaipokea. Shilingi 15,000 kila mara, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, kisha kila baada ya wiki mbili kwa miezi minne. Jumla mara 20, laki tatu, na nauli ya Muheza na Tanga elfu nne kila safari, elfu 80 nyingine. Nilikopa kwenye kikoba. Fizio mwenyewe aliniambia, nilipoanza kulalamika, kwamba ningeanza wiki ya kwanza baada ya upasuaji na kuendelea, pengine ningehitaji kuonana naye mara tatu au nne tu. Karatasi ile kwenye faili ilikuwa na mazoezi karibu yote aliyonifundisha. Michoro ile ile. Wewe uliye wodini sasa hivi, itoe kwenye faili. Muulize daktari au nesi uanze lini na lipi, kwa sababu mrija wa kutoa maji kwenye kidonda ukiwa bado upo kuna mazoezi ya kusubiri, halafu uibandike mahali unapopigia mswaki.

Na uwaambie wa nyumbani waache huruma kidogo. Miezi miwili ndani ya mazoezi niliruhusiwa kukuna nazi, nusu nazi kwanza, na kusonga ugali wa watu wawili. Mama alisimama mlangoni kwa jikoni akinitazama kama ninayeuza dhahabu ya urithi. Nilimpa kazi ya kunihesabia 30, kwa sauti, jioni. Ilimsaidia yeye kuliko mimi.

Mei 2023 nilipimwa mara ya mwisho: nyuzi 145 mbele, 130 pembeni. Takbira inafika. Sidiria bado naizungusha, nimeamua kwamba hilo si la kupigania. Siku za baridi ya Julai asubuhi bega linakuwa zito, nalipa dakika zake kumi kabla ya chai.

Mwaka jana mume wangu alileta fundi wa rangi. Nikamwambia aruke ule ukanda wa ukuta, akaona nimechanganyikiwa, akauruka. Ukitazama vizuri utaona mistari inapanda, halafu kuna mmoja wa Aprili 2024 umeshuka vidole vinne chini ya wenzake. Ramadhani ile niliacha mazoezi mwezi mzima, nilijiona nimepona. Ilinichukua hadi Juni kuurudisha. Kona ya juu kabisa ya ubao, panapokaa tarehe, bado sifiki. Tarehe anaandika monita, akisimama juu ya kiti changu.